Nani Aliyelipa Gharama ya Aida? Verdi, Khediwi na Hukumu ya Msikilizaji wa Afrika

Utangulizi

Muziki wa Ulaya wa karne ya 19, ule uitwao muziki wa enzi ya Romantiki, umetufikia ukiwa umevikwa hadithi moja. Hadithi hiyo hudai kwamba mtunzi ni mtu wa pekee, mpweke, mwenye maradhi au huzuni, ambaye nyimbo humshukia kutoka juu bila ya kuhusiana na bwana wala soko. Jina la enzi yenyewe lisimpotoshe msomaji. Halina maana ya muziki wa mapenzi. Ni muziki wa kizazi kilichotanguliza hisia za mtu, historia ya taifa lake na uzuri wa maumbile, mbele ya kanuni zilizotungwa katika majumba ya wafalme. Schubert alifariki Vienna mwaka 1828 akiwa na umri wa miaka 31. Chopin alifia Paris mwaka 1849, mbali na Poland yake iliyokuwa imekaliwa na madola jirani. Schumann alifariki mwaka 1856 katika nyumba ya wagonjwa wa akili. Mateso ya watu hawa yalikuwa ya kweli. Lakini hadithi iliyojengwa juu ya mateso hayo huficha swali la msingi: muziki huu ulilipiwa na nani, na kwa jasho la nani?

Makala hii inalijibu swali hilo kwa kutumia mfano mmoja, nao ni Giuseppe Verdi (1813–1901) na opera yake Aida, iliyochezwa kwa mara ya kwanza mjini Cairo tarehe 24 Desemba 1871. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, Verdi ni mmoja wa watunzi wa enzi ile waliofaulu kuliko wenzao kujikomboa kama wafanyakazi. Pili, Aida ni kazi iliyolipiwa kwa fedha ya nchi ya Afrika, nayo inasimulia vita kati ya nchi mbili za Afrika. Hatuwezi kuisikiliza kana kwamba ni jambo la watu wa mbali lisilotuhusu.

Kuhusu kazi za namna hii yapo makosa mawili yanayorudiwa mara kwa mara. Kosa la kwanza ni la kasumba: mtu huusikia muziki wa Ulaya akapiga magoti, akaamini kwamba huo ndio ustaarabu na ngoma za kwao ni kelele. Kosa la pili linaonekana kuwa kinyume cha hilo, lakini nalo ni uvivu wa kufikiri: mtu husema kwamba kazi hii ni ya mabwanyenye, basi itupwe, na mjadala ufungwe. Wote wawili hawajaisikiliza kazi yenyewe. Hoja yetu ni kwamba kazi ya sanaa hupimwa kwa maswali matatu yanayokwenda pamoja. Nani aliigharimia? Ndani yake, inasimama upande wa nani? Na baada ya mwenyewe kufa, nani ameichukua na kuifanya yake?

Mtunzi anavua sare ya bwana

Ili kuelewa ushindi wa Verdi hapana budi kuangalia hali iliyomtangulia. Mwaka 1761 Joseph Haydn aliajiriwa na ukoo wa makabaila wa Esterházy. Mkataba wake ulimtaka avae sare na soksi nyeupe, asubiri kila siku katika chumba cha nje amri ya mwana wa mfalme kuhusu muziki utakaopigwa, na asitungie mtu mwingine bila ruhusa. Nyimbo alizotunga zilikuwa mali ya bwana wake. Kwa maneno mengine, fundi huyu mkubwa alihesabiwa pamoja na watumishi wa nyumba.

Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, vita vilivyofuata, na kukua kwa viwanda na miji vilivunja utaratibu huo polepole. Tabaka la mabwanyenye lilinunua piano, likanunua nota zilizochapwa, likakata tikiti za kumbi. Mtunzi akavua sare. Lakini aliyeachiliwa na kabaila alikutana na bwana mwingine asiyeonekana uso, yaani soko. Schubert ni ushahidi. Alitunga nyimbo zaidi ya 600, lakini onyesho moja tu la hadhara la kazi zake mwenyewe lilifanyika katika uhai wake, mwezi Machi 1828, miezi minane kabla ya kifo chake. Uhuru wake ulikuwa uhuru wa kuuza kwa bei aliyotaka mnunuzi.

Verdi alizaliwa katika hali ya chini kuliko wengi wa watunzi hao. Kijiji chake, Le Roncole, kilikuwa katika eneo la Parma, na baba yake alikuwa na nyumba ndogo ya wageni na duka. Mfanyabiashara wa mji jirani wa Busseto, Antonio Barezzi, ndiye aliyemsaidia kusoma. Mwaka 1832 chuo cha muziki cha Milan kilimkataa: alikuwa amepita umri uliowekwa, na namna yake ya kupiga piano haikuwaridhisha wakaguzi. Akamwoa Margherita, binti wa Barezzi, mwaka 1836. Kati ya 1838 na 1840 walikufa watoto wao wawili na kisha Margherita mwenyewe. Mwaka huo huo wa 1840 opera yake ya pili ilizomewa mjini Milan.

Opera ya tatu, Nabucco, ilimwinua mwaka 1842. Tangu hapo hadi 1853 alitunga opera zisizopungua 16. Baadaye aliilinganisha miaka hiyo na kazi ya wafungwa wapiga makasia. Ulinganisho huo haukuwa wa kupamba mazungumzo. Nyumba za opera za Italia ziliendeshwa na wakandarasi waliokodi ukumbi kwa msimu, wakamwajiri mtunzi, waimbaji na orkestra, wakatafuta faida. Mtunzi alipewa wiki chache, akauza nota zake mara moja, na ukumbi mwingine ukiziiba na kuzichezesha hakupata kitu.

Hapa ndipo Verdi alipopigana. Kuanzia mwaka 1840 mkataba kati ya Austria na ufalme wa Sardinia na Piedmont ulianza kulinda haki za watunzi katika sehemu kubwa ya Italia. Verdi na mchapishaji wake, Ricordi wa Milan, waliutumia utaratibu huo. Mwishoni mwa miaka ya 1840 mtunzi alikuwa akidai sehemu ya malipo kila ukumbi ulipokodi nota zake. Badala ya kuuza nguvu zake mara moja na kwisha, alibaki na mkono katika matunda ya kazi yake. Tena alidai opera ichezwe kama ilivyoandikwa, bila mkandarasi kukata wala kubandika.

Huu ni ushindi wa kweli wa mfanyakazi, na tunauheshimu. Hata hivyo tuangalie alivyoutumia. Mwaka 1848 alinunua shamba la Sant'Agata, akaliongeza mwaka hadi mwaka, akawa mwenye ardhi mkubwa aliyeajiri vibarua wa kijijini. Mtoto wa mwenye duka akawa bwana shamba. Njia aliyoipata ilikuwa ya mtu mmoja. Haikufungua mlango kwa wapiga fidla wa orkestra, washonaji wa mavazi wala waimbaji wa korasi, ambao waliendelea kulipwa ujira mdogo wa msimu. Ukombozi wa msanii peke yake si ukombozi wa wasanii.

Sauti moja ya watu wengi

Mtindo wa Verdi hauwezi kutenganishwa na hali ya nchi yake. Italia ya ujana wake ilikuwa vipande. Milan na Venice zilitawaliwa na Austria, Roma na Papa, Naples na mfalme wake mwenyewe. Mikutano ya siasa ilikatazwa, magazeti yalikaguliwa. Mahali palipobaki ambapo watu elfu moja waliruhusiwa kukaa chini ya paa moja na kusikia habari za uhuru, wafalme na uasi, palikuwa ukumbi wa opera.

Katika Nabucco, watumwa wa Kiebrania walioko Babeli wanaikumbuka nchi yao. Verdi aliwapa wimbo ambao karibu wote wanauimba kwa sauti moja, wakifuata mstari mmoja mpana, polepole, bila mapambo. Wanamuziki waliosoma waliweza kuudharau kwa wepesi wake. Lakini wepesi huo ndio uliokuwa nguvu yake, kwani mtu aliyekaa katika viti vya juu, vya bei ndogo, aliweza kutoka nao mlangoni akiuimba. Wakaguzi wa serikali walilijua jambo hilo. Mwaka 1851 walimlazimisha kumgeuza mfalme mpotovu wa Ufaransa kuwa mtawala wa mji mdogo wa Mantua, na hivyo ndivyo Rigoletto ilivyozaliwa. Opera yake kuhusu kuuawa kwa mfalme wa Sweden ilihamishiwa Boston kabla ya kuruhusiwa kuchezwa Roma mwaka 1859.

Mhakiki mwaminifu hana budi kuongeza neno hapa. Kwa miaka mingi imesimuliwa kwamba usiku wa kwanza wa Nabucco, tarehe 9 Machi 1842, watazamaji waliwakaidi askari wa Austria wakataka korasi ya watumwa irudiwe. Uchunguzi wa magazeti ya wakati ule umeonyesha kwamba wimbo uliorudiwa ulikuwa mwingine. Hadithi ilikuzwa baadaye, taifa lilipokwisha kupatikana na kuhitaji mashujaa. Hilo halimpunguzii Verdi heshima, maana mwezi Januari 1849, Roma ikiwa katika mapinduzi, alipeleka huko opera ya vita dhidi ya wavamizi wa Kijerumani bila ya kujificha. Lakini linatufundisha kwamba hata hadithi tamu za ukombozi zinahitaji kuchunguzwa, kwani wapo wanaozitumia baadaye kwa malengo yao.

Mwaka 1861 Ufalme wa Italia ulitangazwa, na Verdi akaketi katika bunge lake la kwanza. Mwaka 1885 ufalme huo huo uliteka Massawa, ukaanza kunyang'anya ardhi pwani ya Bahari ya Sham. Waliokuwa wakiimba habari za utumwa wa Babeli wakawa na jeshi Afrika. Msomaji aiweke tofauti hiyo moyoni tunapokwenda Cairo.

Fedha ya Khediwi

Khediwi Ismail aliitawala Misri kuanzia 1863 hadi 1879. Alitaka kuifanya Cairo ifanane na Paris. Aliikuta nchi ikipata fedha nyingi za pamba, kwa sababu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vimekatisha pamba ya huko. Vita vilipokwisha mwaka 1865 bei ikaanguka, lakini ujenzi haukusimama. Pengo likazibwa kwa mikopo ya mabenki ya Ulaya, yenye riba na makato makubwa.

Nyumba ya Opera ya Cairo ilifunguliwa tarehe 1 Novemba 1869 kwa Rigoletto, na Mfereji wa Suez ukafunguliwa tarehe 17 mwezi huo huo. Wengi huamini kwamba Aida ilitungwa kwa ajili ya sherehe za mfereji. Sivyo. Verdi alikataa kutunga wimbo wa sherehe hizo. Alikubali mwaka 1870, baada ya kuletewa muhtasari wa hadithi ulioandikwa na Auguste Mariette, Mfaransa aliyesimamia mambo ya kale ya Misri. Malipo yake yalikuwa faranga 150,000, mbali na gharama za jukwaa. Khediwi alibaki na haki ya Misri peke yake, na haki ya nchi nyingine zote ikawa ya Verdi. Mtoto wa Le Roncole alikuwa amejifunza kufunga mkataba. Vita vya Ufaransa na Prussia viliyazuia mavazi na mandhari katika Paris iliyozingirwa, na onyesho likachelewa karibu mwaka mzima. Usiku wa kwanza waliketi ukumbini mabalozi, maafisa, wageni mashuhuri na wahakiki walioalikwa kutoka Ulaya. Verdi mwenyewe hakwenda, na alichukizwa na kelele za kutangaza kazi yake kama bidhaa.

Nani alilipa? Mkulima wa Misri. Ni yeye aliyechimba mfereji kwa kazi ya kulazimishwa hadi katikati ya miaka ya 1860, na ni kodi ya shamba lake iliyowekwa rehani. Mwaka ule ule wa 1871 serikali ilitoa sheria ya Mukabala, iliyowataka wenye ardhi walipe mapema kodi ya miaka sita ili wapunguziwe nusu ya kodi siku zijazo. Serikali yenye afya haili mbegu ya msimu ujao kwa namna hiyo.

Tuseme kwa haki kwamba Misri haikufilisiwa na opera. Faranga 150,000 zilikuwa kiasi cha pauni 6,000 tu, wakati hisa za Misri katika mfereji ziliuzwa kwa Uingereza mwaka 1875 kwa karibu pauni milioni 4, na deni la mwaka 1876 lilipita pauni milioni 90. Opera ilikuwa dalili, ugonjwa ulikuwa mkubwa zaidi. Ugonjwa wenyewe ni ule wa mtawala anayedhani kwamba maendeleo ni sura ya nje, na kwamba heshima ya taifa hununuliwa kwa wageni kwa fedha zilizokopwa kwa wageni hao hao. Mwaka 1879 madola ya Ulaya yalimwondoa Ismail. Mwaka 1882 wananchi na askari walioongozwa na Urabi walishindwa Tel el-Kebir, na Waingereza wakaikalia nchi.

Wakati huo Khediwi alikuwa na ndoto ya dola. Majeshi yake yaliivamia Ethiopia, yakapigwa na Mfalme Yohannes wa Nne huko Gundet mwaka 1875 na Gura mwaka 1876. Mwishoni mwa 1875 meli zake zilifika hata Barawa na Kismayu, katika milki ya Sultani Barghash wa Zanzibar, kabla ya kurudishwa kwa shinikizo la Uingereza. Kwa hiyo jukwaani Cairo Misri ilikuwa ikiishinda Ethiopia kwa tarumbeta, na miaka michache baadaye, uwanjani, Ethiopia iliishinda Misri kwa bunduki.

Tarumbeta na kaburi

Sasa tuisikilize kazi yenyewe. Aida ni binti wa mfalme wa Ethiopia aliyetekwa, anamtumikia Amneris, binti wa Farao. Wote wawili wanampenda Radamès, jemadari wa Misri. Baba yake Aida, Amonasro, naye anatekwa, akiwa amejificha cheo chake. Anamshurutisha binti yake amtoe Radamès siri ya njia ya jeshi. Siri inatoka, Radamès anahukumiwa na makuhani kuzikwa akiwa hai, na Aida anajificha ndani ya kaburi ili afe naye.

Kasoro za kazi hii ni za wazi. Misri inayoonyeshwa ni ya mahekalu ya kale, iliyochorwa na mtaalamu wa Kifaransa, na mkulima aliyekuwa hai nje ya ukumbi hayumo. Sauti za Kimisri zilibuniwa Italia: vinubi, filimbi, na hatua za sauti zisizo za kawaida katika sikio la Mzungu. Verdi aliagiza hata tarumbeta ndefu zilizonyooka kwa ajili ya maandamano ya ushindi, nazo zinasisimua kweli. Waethiopia, ambao ndio wanaoonewa, hawakupewa lugha ya muziki iliyo yao, na katika chumba cha Amneris watumwa weusi wadogo wanacheza ngoma ya kuchekesha. Huo ulikuwa ndio mtazamo wa Ulaya kwa watu weusi, na Verdi aliupokea bila kuuliza.

Hata hivyo sikio likitega vizuri, linasikia jambo la pili. Opera haianzi kwa tarumbeta. Inaanza kwa fidla chache, kwa sauti ya chini, zikipiga mstari wa Aida, kisha unaingia mstari mwingine mzito unaoshuka hatua kwa hatua, nao ni wa makuhani. Mistari hiyo miwili inakabana. Mgogoro wote wa hadithi umewekwa hapo kabla pazia halijafunguka: upande mmoja mateka mwanamke, upande mwingine taasisi yenye mamlaka ya kuhukumu. Katika tukio la ushindi, ambalo wengi hulidhani kuwa ni kusifu vita tu, mateka wanaomba rehema kwa wimbo mpole unaoanzishwa na Amonasro, umati wa Misri unaungana nao, na makuhani peke yao wanadai damu. Mtunzi amewapa wanyonge wimbo mzuri na wakubwa ametoa kwao ugumu. Si bahati tu. Alipokuwa akiandika mwaka 1870, mfalme wa Prussia alikuwa akituma simu za kumshukuru Mungu kwa ushindi wake. Verdi alimwelekeza Antonio Ghislanzoni, mwandishi wa maneno ya opera, kuwapa makuhani maneno ya mfano huo. Hivyo katika mavazi ya Misri ya kale alimvika mvamizi wa Ulaya ya siku zake.

Tena liko suala la mwisho. Kazi iliyonunuliwa ili itukuze fahari ya dola inamalizika bila fahari yoyote. Jukwaa limegawanywa juu na chini. Juu ni hekalu lenye mwanga, chini ni kaburi. Wapenzi wawili wanaimba mstari mwembamba unaopanda na kufifia, Amneris anaomba amani akiwa juu ya jiwe, na fidla zinazimika. Kabla ya hapo, katika tukio la hukumu, makuhani wanamshtaki Radamès mara tatu naye mara tatu ananyamaza, na Amneris, binti wa Farao mwenyewe, anawalaani. Khediwi alilipia tarumbeta, akaletewa pia kaburi. Tukiishia kwenye hesabu ya fedha hatutalisikia jambo hili.

Nani anaimiliki?

Swali la tatu hujibiwa na historia ya baadaye. Nyumba ya Opera ya Cairo iliungua tarehe 28 Oktoba 1971, na mahali pake pakajengwa jengo la kuegesha magari. Aida haikuungua. Mwaka 1960 Leontyne Price, mwanamke mweusi aliyezaliwa Mississippi mwaka 1927 katika siku za ubaguzi, aliimba Aida katika ukumbi wa La Scala mjini Milan. Tarehe 3 Januari 1985 aliliaga jukwaa la opera mjini New York kwa kazi hiyo hiyo. Mateka wa Kiethiopia aliyebuniwa na Wazungu alipata sauti ya mtu aliyeyajua maana ya maneno yake. Hata hivyo mapambano hayajaisha. Mwaka 2022 mwimbaji mweusi Angel Blue alijitoa katika onyesho mjini Verona kwa kupinga waimbaji weupe kupakwa rangi nyeusi katika Aida ya uwanja ule.

Uko mfano ulio karibu nasi zaidi. Ismail huyo huyo aliwalea pia waimbaji wa Kiarabu, akiwemo Abdu al-Hamuli, na simulizi za Zanzibar zinaeleza kwamba Sultani Barghash alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kanuni. Taarab ilianza hivyo, muziki wa jumba la mfalme, kwa lugha ambayo watu wengi mitaani hawakuielewa. Kisha wakaja akina Siti binti Saad, mwana wa wanyonge wa Fumba, wakaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri huko Bombay. Sanaa iliyogharimiwa na Sultani ikawa mali ya watu wa Ng'ambo. Haikutupwa kwa sababu ya asili yake, wala haikuabudiwa kwa sababu hiyo. Ilichukuliwa.

Verdi mwenyewe, akiwa mzee, alifanya jambo ambalo lafaa kutajwa katika hesabu yake. Alijenga hospitali karibu na mashamba yake mwaka 1888, na mjini Milan akajenga nyumba ya kuwatunza wanamuziki wazee wasio na kitu, akaiachia mapato ya opera zake. Ilipokea wakazi wa kwanza mwaka 1902, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Ilikuwa hisani ya mtu mmoja, na hisani si haki. Lakini inaonyesha kwamba alijua ni wangapi aliowaacha nyuma alipopanda.

Hitimisho

Tumeona kwamba mtunzi wa enzi ya Romantiki hakuwa malaika mpweke. Alikuwa mfanyakazi aliyetoka katika sare ya kabaila akaingia sokoni. Tumeona kwamba Aida ililipiwa na mkulima ambaye hakualikwa kuitazama. Tumeona pia kwamba ndani ya kazi hiyo wimbo mzuri uko upande wa mateka, na kwamba mateka wenyewe wameanza kuuimba kwa kinywa chao. Mambo haya matatu ni ya kweli kwa pamoja, na moja halifuti jingine.

Kwa hiyo katika madarasa yetu tusiwafundishe vijana kulia mbele ya tarumbeta za watu, wala tusiwafundishe kuziba masikio. Tuwafundishe kuuliza. Kwa mjadala wa vikundi tunapendekeza maswali yafuatayo:

1. Kuna tofauti gani kati ya mtunzi aliyekuwa na bwana mmoja na mtunzi anayelitegemea soko? Ni kwa namna gani Verdi alibadili hali yake, na kwa nini hali ya wapiga orkestra haikubadilika?

2. Tofautisha kati ya taifa kujenga utamaduni wake na mtawala kununua sura ya maendeleo. Toa mifano kutoka Misri ya 1863 hadi 1882.

3. Chagua ngoma au wimbo mmoja unaoujua vizuri. Nani aliugharimia ulipoanza, unasimama upande wa nani, na leo ni wa nani?